Jina la Mgunga Lilivyohamia Australia

Aliyewahi kuona picha ya Serengeti anaujua mti huu: shina moja, matawi yaliyofumuka juu na kutandaa bapa, twiga pembeni yake. Wamasai wanauita oltepesi. Sisi tunauita mgunga, jina tunalowapa pia ndugu zake wengi wenye miiba. Kwa miaka mingi vitabu vya kitaalamu viliuita Acacia tortilis. Walimu wa baiolojia walifundisha hivyo na mabwana misitu wakaandika hivyo kwenye daftari zao. Kwa kanuni zinazotawala majina ya kisayansi ya mimea, mti huo si Acacia tena. Jina hilo sasa ni mali ya miti ya Australia. Lilihama pasipo mti hata mmoja kung'olewa, kwa kura iliyopigwa mjini Vienna, Austria, Julai 2005.

Nimeifuata njia ya jina hili kurudi nyuma, kutoka ukumbi ule wa Vienna hadi bonde la mto Nile, kwa sababu naamini inatuhusu kuliko tunavyodhani. Ni njia inayopita kwenye makabati ya mimea mikavu, kwenye kamusi ya mtunza bustani wa London, kwenye mbuga za udongo mweusi chini ya Kilimanjaro na kwenye jengo lililoungua Berlin. Kila kituo kina mtu aliyechagua kitu, na uchaguzi wake ukawafunga waliokuja baadaye.

Kwanza nieleze kinachochaguliwa. Kila jina la kisayansi la mmea limefungwa kwenye kitu kimoja kinachoshikika, ambacho hapa nitakiita sampuli ya kielelezo. Kwa kawaida ni tawi lililobanwa likakauka, likabandikwa kwenye karatasi ngumu na kuhifadhiwa kabatini katika hebaria, yaani nyumba ya mimea mikavu. Ukiitoa karatasi ya namna hiyo ya mgunga unaona vijani vidogo vilivyogeuka kahawia, miiba iliyokaa miwili miwili ikiwa bado na ukali wake, na pembeni kibahasha cha karatasi kilichotunza maganda na mbegu zilizopukutika. Kona ya chini kuna lebo: nani alilikata tawi, wapi, lini, katika mwinuko gani, na maua yalikuwa na rangi gani kabla ya kukauka. Juu na chini ya lebo hiyo kuna vipande vingine vya karatasi, vya mwaka huu na mwaka ule, kila mtaalamu aliyepita akiandika jina analoona yeye kuwa sahihi. Karatasi moja inaweza kubeba mabishano ya karne nzima.

Kwa nini wataalamu wanahitaji tawi kavu wakati maelezo yamo kitabuni? Kwa sababu maelezo huweza kuchukuliwa na mimea miwili au mitatu kwa pamoja. Mwandishi wa 1800 aliyeandika "mti wa miiba, majani madogo, maua ya manjano" hakujua kwamba karne moja baadaye watu wangegundua miti kumi ya namna hiyo. Swali likizuka, jina lile ni la upi kati ya hiyo kumi, jibu linatafutwa kwenye sampuli. Jina ni kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi: anaweza kula majani huku na huku kadiri kamba inavyofika, lakini ukiking'oa kigingi na kukipigilia shamba la pili, ng'ombe naye anahamia huko. Spishi hufungwa kwenye sampuli yake. Jenasi, ambayo ni ukoo wa spishi nyingi, hufungwa kwenye spishi moja, na kupitia hiyo kwenye sampuli ya spishi hiyo.

Utaratibu huu si wa zamani sana. Wamarekani waliushikilia mapema karne ya 20, na kongamano la kimataifa la botania lililofanyika Cambridge mwaka 1930 likaukubali kwa dunia nzima. Kuanzia tarehe 1 Januari 1958, anayetangaza spishi mpya bila kutaja sampuli yake ya kielelezo anakuwa hajatangaza kitu. Waandishi wa kabla ya hapo wengi hawakutaja. Waliacha karatasi tano, au ishirini, au mchoro tu. Kwa hiyo anayekuja baadaye hulazimika kuchagua moja kati ya zile ambazo mwandishi aliziona kweli, na hiyo huitwa lektotaipu. Zikiwa zimepotea zote, huteuliwa mpya kabisa, neotaipu. Ni kazi ya upelelezi. Mchaguzi hulinganisha miandiko, hutazama tarehe za safari, huuliza kama karatasi hii ilifika mezani kwa mwandishi kabla ya kitabu kwenda kwa mchapishaji au baada yake. Na kuna sharti zito: anayechagua kwanza na kuchapisha uchaguzi wake ndiye anayefuatwa. Wanaokuja nyuma hawaruhusiwi kubadilisha kwa sababu tu wao wangependa nyingine.

Sasa twende Misri. Katika karne ya kwanza, tabibu Mgiriki Dioscorides aliandika juu ya mti wa miiba wa Misri ambao utomvu wake ulitengenezwa dawa, na dawa hiyo akaiita akakia. Mti wenyewe bado upo kandokando ya Nile, na upo kwetu pia, kuanzia mabonde ya Kenya kaskazini hadi kusini mwa Afrika. Maua yake ni vitufe vya manjano, ganda lake limebanwa kila baada ya mbegu, na magome na maganda yake yametumika kusindika ngozi tangu enzi za kale. Mwaka 1753 Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina mawili tunaoutumia mpaka leo, aliuandika kama Mimosa nilotica na kutaja makao yake kuwa Misri.

Mwaka uliofuata, 1754, Philip Miller, mkuu wa bustani ya dawa ya Chelsea, London, alitoa toleo fupi la kamusi yake ya watunza bustani. Humo alilitumia jina la kale, Acacia, kama jina la jenasi inayojitegemea. Miller hakuchagua kielelezo. Asingeweza, maana wazo lenyewe lilikuwa halijazaliwa. Alikuwa mtu wa kupanda na kupalilia, akiwaandikia watu wenye bustani, na tangu siku hiyo jina Acacia likahesabika kuwa lake.

Halafu ikapita zaidi ya karne moja na nusu. Ulaya ilisambaa duniani, matawi makavu yakamiminika kwenye makabati yake, na kila mti wenye vitufe vya maua na stameni nyingi ukatupwa ndani ya Acacia: wa Afrika, wa India, wa Amerika, na kwa mamia, wa Australia. Ilipofika 1913, Wamarekani wawili, Nathaniel Lord Britton na Addison Brown, walichapisha toleo la pili la kitabu chao cha mimea ya kaskazini mwa Marekani na Kanada. Wao walikuwa waumini wa utaratibu wa vielelezo, na chini ya jina Acacia wakaandika spishi ya kielelezo: Acacia scorpioides, ambayo ndiyo ileile nilotica ya Misri. Ni mstari mmoja tu, ndani ya kitabu cha nchi ambako mti huo hauoti porini. Lakini ulikuwa uchaguzi wa kwanza, na ulikuwa uchaguzi mzuri, kwa sababu ulilirudisha jina kwenye mti ambao Wagiriki wa kale walikuwa wakiuzungumzia. Kuanzia hapo kigingi cha Acacia kilikuwa Afrika.

Huku kwetu nako kazi ya kukusanya ilikuwa imepamba moto. Kuna mgunga mmoja ninaoupenda kuliko yote, na historia yake inaonyesha vizuri jinsi majina yetu yalivyosafiri. Wamasai wanauita eluai. Huota kwenye mbuga za udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, mara nyingi ukitawala peke yake hadi upeo wa macho. Miiba yake mirefu myeupe hukaa miwili miwili, na baadhi yake huvimba chini na kuwa tufe lenye uwazi ndani. Tufe hilo likiwa changa lina rangi ya kijani au zambarau. Likikomaa linakuwa jeusi na gumu. Sisimizi hulitoboa tundu dogo wakaingia kuishi, na upepo ukipita kwenye matundu hayo mti unapiga mluzi. Ukiligusa tawi, sisimizi hutoka mbio mkia ukiwa juu na kukuuma. Hata tembo hufikiri mara mbili.

Miaka ya 1905 na 1906 msafara wa kisayansi wa Waswidi ulifanya kazi kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru na nyika zinazoizunguka. Kiongozi wake, Yngve Sjöstedt, alikuwa mtaalamu wa wadudu, na haishangazi kwamba mti wenye nyumba za sisimizi ulimvuta. Matokeo ya msafara yalianza kutoka kwa juzuu, na mwaka 1908 mti ule ukatokea humo kwa jina la Acacia drepanolobium, jina lililobuniwa na Hermann Harms wa hebaria ya Berlin. Mmoja wa sisimizi wanaoishi ndani ya miiba hiyo, Crematogaster sjostedti, amebeba jina la Sjöstedt mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: tawi linakatwa kwenye mbuga ya Wamasai, linavuka bahari, linasomwa na mtu aliye Berlin, na linarudi kama neno la Kilatini.

Berlin ndiyo iliyokuwa makao makuu ya mimea ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Matawi kutoka Usambara, Uluguru, Uhehe na Kilimanjaro yalipelekwa huko, na wataalamu wa Adolf Engler wakayapa majina. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, nayo ikawa na hebaria yake, lakini sampuli zilizobeba majina nyingi zilikuwa Ujerumani. Harms alifariki Novemba 1942. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943, mabomu yaliliangukia jumba la makumbusho ya botania la Dahlem, Berlin. Hebaria hiyo ilikuwa na sampuli zipatazo milioni nne, na sehemu kubwa iliteketea usiku huo.

Ukitaka kuona kovu la usiku ule huna haja ya kwenda Berlin. Fungua juzuu lolote la Flora of Tropical East Africa, kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda iliyoanza kutoka 1952 na kukamilika 2012 ikiwa na zaidi ya spishi 12,000. Chini ya jina baada ya jina utakuta sampuli ya kielelezo imetajwa, na pembeni herufi B ikifuatiwa na alama ya msalaba mdogo. Maana yake: ilikuwa Berlin, imekufa. Waandishi wa mradi huo iliwabidi watafute nakala zilizokuwa zimegawiwa kwingine kabla ya vita, kwani mkusanyaji mzuri hukata matawi kadhaa ya mti mmoja na kuyasambaza. Nyingine zilipatikana London, nyingine Brussels, na nyingine katika hebaria ya Amani, ambayo mwaka 1950 ilihamishiwa Nairobi ikawa msingi wa Hebaria ya Afrika Mashariki. Leo hebaria hiyo ina karibu sampuli milioni moja. Pale ambapo nakala ilipatikana, mtu alikaa akailinganisha na maneno ya mwandishi aliyekufa, na akaamua: hii ndiyo itakayobeba jina. Nauheshimu sana uamuzi wa namna hiyo. Hauna sherehe, huandikwa kwa mistari miwili ya herufi ndogo, na huokoa jina lisibaki likielea.

Juzuu la migunga liliandikwa na J. P. M. Brenan wa hebaria ya Kew, London, likatoka mwaka 1959. Brenan aliifahamu miti yetu kwa undani. Miaka kumi kabla alikuwa ametoa pamoja na Peter Greenway, mkuu wa hebaria ya Amani na baadaye Nairobi, orodha ya miti ya misitu ya Tanganyika yenye majina ya wenyeji. Katika juzuu la 1959 yote ilikuwa Acacia. Hakuna aliyekuwa na shaka.

Hapa nataka kusema jambo moja ili nisieleweke vibaya. Sampuli ya kielelezo kuwa nje ya nchi yetu si tusi. Mpingo, huu unaochongwa vinyago na Wamakonde, jina lake Dalbergia melanoxylon limefungwa kwenye sampuli ya Senegal iliyoelezwa mwaka 1832, na mpingo wa Lindi haupungukiwi na kitu kwa hilo. Mmea haujui mipaka, na aliyeandika kwanza ameandika kwanza. Kilichotokea kwa Acacia ni tofauti: uchaguzi ulikuwa umeshafanyika, kwa kanuni, na ukatumika kwa miongo tisa, kisha ukatenguliwa.

Ilianza na swali la kweli la kisayansi. Je, ile Acacia kubwa ni ukoo mmoja? Mwaka 1986 Leslie Pedley, Mwaustralia wa hebaria ya Queensland, alipendekeza igawanywe mara tatu. Kwa kuwa kielelezo kilikuwa nilotica, kundi la Afrika lenye miiba iliyokaa miwili miwili lilibaki na jina Acacia. Kundi lenye miiba iliyopinda, ambamo mna kikwata na mti wa gundi ya Sudan, lingeitwa Senegalia. Na la Australia, ambalo spishi zake nyingi zimeacha majani halisi na badala yake vikonyo vyao vimebapa na kufanya kazi ya majani, lingeitwa Racosperma. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba makundi hayo si ndugu wa karibu, tena ukaongeza makundi mengine madogo ya Amerika. Mgawanyo ukawa hauepukiki. Swali likabaki nani abaki na jina.

Waaustralia waliingiwa na hofu, na kwa haki yao nitaieleza hoja yao kama wao wangeieleza. Nchini mwao kuna zaidi ya spishi 900 za kundi hilo. Afrika, Asia na Amerika kwa pamoja zina spishi kama 160 za kundi la nilotica. Kubadili majina 900 ni kazi kubwa kuliko kubadili 160. Ua la taifa lao ni Acacia pycnantha, na kijani na dhahabu za jezi zao ndizo rangi za mti huo. Miti yao inapandwa kibiashara duniani kote, ikiwa ni pamoja na huku: miwati ya Njombe na ya nyanda za juu za Kenya, iliyoletwa kwa ajili ya magome yenye tanini, ni Acacia mearnsii kutoka Australia. Mwaka 2003 Tony Orchard na Bruce Maslin walipeleka hoja rasmi katika jarida la Taxon: jina Acacia lihifadhiwe, lakini kwa kielelezo kipya, Acacia penninervis, mti wa mashariki mwa Australia ulioelezwa mwaka 1825.

Kanuni za majina zinaruhusu jambo hilo. Utaratibu wa kuhifadhi majina ulikubaliwa Vienna yenyewe, mwaka 1905, ili kuzuia sheria isilete vurugu kuliko faida. Kamati ya wataalamu wa mimea yenye mbegu ikaijadili hoja na kupiga kura: tisa waliunga mkono, sita walikataa. Ikapita kamati kuu. Ikafika Vienna, miaka mia moja kamili baada ya ile ya 1905.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito pia. Hesabu ya spishi si kipimo pekee. Jina lilikuwa la mti wa Afrika tangu kabla ya Linnaeus. Acacia ya Afrika na Asia imeenea katika nchi nyingi, nyingi zikiwa maskini, zenye hebaria chache na fedha kidogo za kuchapisha upya vitabu vya misitu, malisho na wanyamapori. Australia ni nchi moja tajiri. Na zaidi, kama uchaguzi wa kielelezo uliofuata kanuni unaweza kung'olewa kwa sababu wenye spishi nyingi wanataka, basi hakuna aliye salama.

Kura ilipopigwa, asilimia 54.9 walitaka pendekezo la kamati likataliwe, na kigingi kibaki Afrika. Asilimia 45.1 walitaka kihame. Kigingi kikahama. Sababu ni jinsi swali lilivyoulizwa: mabadiliko ya kanuni yanahitaji asilimia 60, na kilichohesabiwa kuwa badiliko hapa ni kulikataa pendekezo la kamati. Waliotaka mti wa Nile ubaki na jina lake ndio waliotakiwa kufikisha asilimia 60. Watetezi wa utaratibu huo walisema mapendekezo ya kamati hufanyiwa kazi kwa miaka na hayapaswi kuangushwa na waliotokea kuwapo ukumbini wiki hiyo. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi, na bado sikubaliani nayo. Aliyetaka kubadilisha jambo lililosimama tangu 1913 ndiye aliyepaswa kubeba mzigo wa kupata wingi wa kura.

Tena tuangalie waliokuwa ukumbini. Katika makongamano hayo mtu hupiga kura yake akiwa amehudhuria mwenyewe, na juu ya hiyo kila hebaria hupewa kura za taasisi, kuanzia moja hadi saba, zinazobebwa na mjumbe. Hebaria zenye kura nyingi ziko Ulaya na Amerika Kaskazini. Mtafiti wa Nairobi, Arusha au Kampala anayetaka sauti yake isikike anahitaji tiketi ya ndege na malazi ya wiki nzima, kwa ajili ya mkutano unaojadili vifungu vya majina, jambo ambalo wafadhili wachache hulitilia maanani. Gideon Smith na Estrela Figueiredo, wanaofanya kazi Afrika Kusini, pamoja na Gerry Moore wa Marekani, waliwahi kuchapisha uchambuzi wa nani hasa huzibadili kanuni hizi, na Afrika haikuonekana sana. Sisemi Vienna kulikuwa na njama. Nasema jina la mti wetu liliamuliwa katika chumba ambamo sisi tulikuwa wachache mno.

Mabishano hayakuisha hapo. Kwa miaka sita jarida la Taxon lilijaa makala za pande zote mbili, nyingine kali. Kongamano lililofuata, la 2011, lilifanyika Melbourne, Australia kwenyewe. Yakatolewa mapendekezo ya maridhiano, ambayo yangeruhusu pande zote ziendelee kulitumia jina kwa namna fulani. Yote yakaanguka, na wingi wa kura ukaithibitisha Vienna.

Baada ya hapo wataalamu walishika kazi. Acacia tortilis ilikuwa imeshahamishwa mwaka 2008 na Waitaliano wawili na kuwa Vachellia tortilis. Mwaka huohuo ile ya Nile ikawa Vachellia nilotica. Mwaka 2013 Bruce Kyalangalilwa na wenzake wa Afrika Kusini walichapisha mgawanyo mpya wa migunga ya Afrika, wakayahamishia Vachellia na Senegalia majina yaliyokuwa bado hayajahamishwa. Leo eluai ni Vachellia drepanolobium. Olerai, ule mgunga wa kando ya maji wenye gome la manjano, ni Vachellia xanthophloea. Jina Vachellia lilikuwapo tangu 1834, likimkumbuka George Harvey Vachell, padri wa Kiingereza aliyekusanya mimea Macao, China, na kielelezo chake ni mti wenye asili ya Amerika.

Matokeo ukiyatazama ukiwa Njombe yanauma. Mwati ulioletwa kwa meli na kupandwa kwa mistari unaitwa Acacia. Mgunga uliokuwapo kabla ya binadamu wa kwanza kupita Olduvai hauruhusiwi kuitwa hivyo.

Ukiwa kazini, hata hivyo, inabidi uishi na sheria iliyopo. Mwanafunzi anayetafuta maandiko kuhusu chakula cha twiga au malisho ya mbuzi lazima atafute kwa majina mawili, maana karibu kila kitu kilichoandikwa kabla ya 2005 kiko chini ya Acacia. Mwandishi makini huandika jina jipya na kuongeza "zamani Acacia" pembeni, mara moja, mwanzoni. Na karatasi za hebaria hazitupwi: lebo mpya hubandikwa, ya zamani hubaki. Tena zile sampuli zenyewe hazikupoteza kazi yake. Jina la spishi bado limefungwa palepale lilipofungwa, na anayetaka kujua drepanolobium ni nini bado anarudi kwenye matawi ya Sjöstedt, si kwa waliopiga kura Vienna.

Mwaka 2024 kongamano lilifanyika Madrid, na Smith na Figueiredo walikuwa na hoja mezani. Zaidi ya majina mia mbili ya mimea, kuvu na miani yalikuwa yamejengwa juu ya neno caffra, ambalo kusini mwa Afrika ni tusi la kibaguzi kwa mtu mweusi. Walipendekeza herufi moja iondolewe ili yasomeke affra, kwa maana ya Afrika. Kura 351 ziliunga mkono, 205 zilipinga. Kiwango kilekile cha asilimia 60 kilichowashinda watetezi wa mti wa Nile kule Vienna, safari hii kilivukwa.

Kongamano lijalo limepangwa kufanyika Cape Town mwaka 2029, la kwanza katika ardhi ya Afrika tangu makongamano haya yaanze. Sitarajii Acacia irudishwe, na baada ya Melbourne sidhani kuna atakayejaribu. Ninachotaka ni kwamba kura za taasisi za Nairobi, Arusha, Dar es Salaam na Makerere zibebwe na watu wa Nairobi, Arusha, Dar es Salaam na Makerere, wamekaa ukumbini wiki nzima, na hoja zao zikiwa zimeshachapishwa katika Taxon kabla mkutano haujafunguliwa.